Baleti ya Mtoto Mdogo Huanzia Sikioni

Mwaka 2020 video ya mvulana wa Lagos akicheza baleti peku kwenye mvua, juu ya saruji iliyojaa maji, ilizunguka dunia, na simu za Unguja na Pemba haikuziruka. Picha za watoto wa Kibera, Nairobi, wakifanya mazoezi darasani, madawati yamesukumwa pembeni na ukuta ndio umekuwa kishikio, nazo zilishapita sana. Siku hizi skuli ya maandalizi ikibandika tangazo la “baleti na mdundo, miaka 4 hadi 7”, gumzo huanzia pale pale getini. Si ile ya kusimama kwa kucha? Watoto si watavunjika vidole? Watavaa nini? Wavulana wanaingiaje humo? Na hakosi wa kuwajibu wote kwa pamoja: watoto wetu mdundo wanao damuni, mtu alipe ada ya nini?

Maswali ni ya haki. Utata umekuja kwa sababu neno moja limebebeshwa vitu viwili. Ipo baleti ya jukwaani, ya watu waliojinyoosha miaka kumi na zaidi, nayo ndiyo inayoonekana kwenye televisheni. Na ipo ya mtoto wa miaka mitano, ambayo ukiichungulia dirishani utaona vitoto vinatembea kama kaa, vinapiga makofi, vinakunja magoti, kisha vinasimama tuli. Ni kama kujifunza kushika kasia kwenye maji ya magotini na kuuvuka mkondo wa Pemba. Chumvi ni ile ile, lakini hakuna baba anayeanza na mkondo.

Kwa darasa la watoto, basi, baleti ni utaratibu wa kuupanga mwili: mguu ukae wapi, goti lielekee wapi, mgongo uweje, na kila kimoja kifanyike kwa wakati wake. Huo wakati ndio mdundo, na kwa mtoto mdogo ndio unaotangulia. Mguu mzuri usiosikiliza hauna kazi.

Neno lenyewe lina asili ya Kitaliano, lenye maana ya kucheza. Mchezo ulianza kwenye kasri za Italia karne ya 15 ukakulia Ufaransa, ambako Mfalme Louis XIV, aliyekuwa akicheza mwenyewe, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661. Ndiyo maana amri za baleti ni za Kifaransa hadi leo, uwe Havana au Tokyo. (Wafaransa wenyewe hawaitamki ile t ya mwisho, sisi tumeivisha irabu.) Wanaoona ni mchezo wa wasichana watashangaa kwamba wachezaji wa kulipwa wa mwanzo kwenye jukwaa la Opera ya Paris walikuwa wanaume. Wanawake walipanda jukwaa hilo kwa kazi mwaka 1681.

Amri nne zinatosha mwaka mzima wa kwanza. Plie ni kukunja magoti. Tandu ni kuuburura mguu mbele au pembeni mpaka unyooke, ncha ya kidole ikibaki sakafuni. Releve ni kuinua visigino. Sote ni kuruka. Mwalimu wa Kizanzibari ana bahati na ana kazi: akisema “tandu” bila ya maelezo, nusu ya darasa itaanza kumtafuta mdudu chini ya mkeka, lakini akisema “sote!” wanaruka wote, maana ndivyo walivyosikia.

Pigo, kasi na mdundo

Maneno haya matatu huchanganywa sana, hata na walimu, na darasa likishavurugika hakuna anayejua limevurugikia wapi. Watazame wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Michi inapokezana, huu ukishuka ule unapanda. Ule mshindo unaorudi kwa nafasi sawa ndio pigo. Wakitaka kuwahi kumaliza, nafasi baina ya mshindo na mshindo hupungua: hiyo ni kasi. Mmoja akianza kuimba, maneno yake hayaangukii kila mshindo. Mengine yanavutwa, mengine yanakatwa, mengine yanapenya katikati ya michi miwili. Mpangilio huo wa marefu na mafupi ndio mdundo. Mdundo ukibadilika, kazi inaendelea. Pigo likipotea, michi inagongana.

Mtoto hufundishwa pigo kwanza, na hufundishwa kwa miguu. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki mjini Geneva mwanzoni mwa karne ya 20, aliona wanafunzi wake wanapiga ala kwa ustadi ilhali pigo haliko mwilini mwao. Akawainua vitini wautembee muziki. Karibu kila darasa la mdundo la watoto limechota hapo, hata kama mwalimu hajawahi kulisikia jina hilo.

Hapa walimu wengi hukosea tangu dakika ya kwanza: hufungulia wimbo wa polepole, wakidhani polepole ndio rahisi. Kwa mtoto wa miaka minne ni kinyume. Ukimwachia apige makofi apendavyo, atapiga haraka kuliko mtu mzima, na ukimtaka asubiri pigo linalochelewa, mguu mmoja hewani, atayumba. Njia iliyo salama ni mwalimu kumfuata mtoto kwanza. Watoto watembee chumbani, naye apige dufu kwa hatua zao, si wao kwa dufu lake. Baada ya dakika moja au mbili hatua na dufu vinakuwa kitu kimoja, hapo ndipo apunguze kasi kidogo kidogo, na watoto watashuka naye bila ya kuambiwa. Kwa kutembea, mapigo 110 hadi 130 kwa dakika yanafaa. Huhitaji chombo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, ukipata baina ya 28 na 32 upo pazuri. Kwa plie, usibadilishe pigo. Acha liwe lile lile, ila kushuka kuchukue mapigo manne na kupanda manne.

Zoezi la pili ni kimya. Dufu likinyamaza, mguu unanyamaza. Linaonekana mchezo tu, lakini ndilo linalompa mtoto uwezo wa kuuzuia mwili wake, na bila ya huo kila kinachofuata kitakuwa fujo. Anza na vituo vitatu kwa dakika, na usivipange kwa nafasi sawa, kwani watavikariri na kuacha kusikiliza.

Nane ya baleti na nane ya shairi

Walimu wa baleti huhesabu kwa nane: moja, mbili, mpaka nane, kisha upya. Wengi wanaofundisha hapa huzihesabu kwa Kiingereza, na watoto huzirudia kama kasuku. Hakuna haja. Shairi letu la kawaida lina mizani nane katika kila kipande, kumi na sita kwa mshororo, na sikio la mtoto wa visiwani limeshazipokea nane hizo kabla hajajua kuhesabu. Mpe kipande badala ya tarakimu:

Goti chini, goti juu,
mgongo wima, tulia.

Pigia kofi kila silabi: go-ti-chi-ni, magoti yanashuka; go-ti-ju-u, yanapanda. Kisha m-go-ngo-wi-ma-tu-li-a, mwili umesimama, hakuna kinachotikisika. Ile m ya mwanzo ni mizani kamili na watoto huipigia kofi bila ya shida. Wanaoiruka mara nyingi ni watu wazima waliozoea kuhesabu herufi. Shida iko kwenye “juu”. Watoto hulivuta kwa kofi moja, na darasa zima linamaliza kwenye saba na kuwahi pigo. Dawa yake ni kuwafanya waguse mabega kwenye ju na kichwa kwenye u, hadi sauti mbili zitengane.

Hesabu ya tatu, ile ya kuyumba kama jahazi kwenye wimbi dogo, ina mtego wake. Pigo zito liko kwenye moja, mbili na tatu ni nyepesi. Mwalimu anayetafuta neno la silabi tatu, tuseme “samaki” au “papai”, atashangaa watoto wanaweka uzito kwenye mbili. Hawajakosea wao. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sa-MA-ki hauwezi kuwa hesabu hii. Tumia neno la silabi mbili na kofi: NA-zi-kofi, NA-zi-kofi. Uzito unarudi mahali pake.

Na ile hoja ya damu? Mdundo hauko damuni kama vile lafudhi haiko damuni. Mtoto aliyekulia karibu na ngoma hushika pigo mapema kwa kuwa amelisikia saa nyingi, mgongoni mwa mama yake, harusini, uani. Mwenzake wa mtaa huo huo aliyelelewa ndani na runinga atachelewa, kisha atafika. Hoja hii ina ubaya wa pili: humfanya mwalimu amwone mtoto anayepishana na pigo kuwa “hana kipaji” akiwa na miaka minne, umri ambao wengi bado hupishana nalo.

Lakini mazingira ni mali, na ni ajabu kuona darasa la Ng'ambo au Chake Chake linaendeshwa kwa santuri za piano peke yake. Msewe, ngoma inayonasibishwa na Pemba, imebeba jina la kile wachezaji wanachojifunga miguuni ili kila hatua itoe sauti. Hicho ni kifaa cha kufundishia ambacho mtu hakukiita hivyo. Mfunge mtoto njuga tatu au nne kwa kipande cha mpira wa nguo, juu kidogo ya kifundo, mguu wa kulia tu. Kwanza atausikia mguu wake mwenyewe ukichelewa, bila ya mwalimu kusema. Pili atajua kulia ni wapi, jambo ambalo kwa miaka mitano si dogo. Wanaotumia vifuniko vya soda wavipondeponde kingo kwa nyundo kabla ya kuvitoboa. Kidumbaki nacho kina mkwasa, vile vijiti viwili vinavyogonganishwa, na cherewa, vifuu vyenye mbegu ndani. Chupa ya nusu lita yenye vijiko vitatu vya choroko inashika nafasi ya cherewa vizuri. Ukizidisha choroko sauti inakuwa nzito na pigo halisikiki likikatika. Mchezo wa ukuti umeshawafundisha duara, kushikana mikono na kushuka pamoja mwishoni. Na aliyewahi kuiona maulidi ya homu, safu ya watu bega kwa bega wakiinama na kuinuka kwa pumzi moja, hahitaji kuelezwa kwenda pamoja ni nini. Hiyo si dansi, wenyewe wako kwenye kumsifu Mtume, na haifai kuigwa darasani. Ila jicho la mtoto limeshaona safu moja yenye watu wengi.

Miguu, kwa karibu

Plie ndiyo mama wa yote, kwani kila kuruka huanza nayo na huishia nayo. Mtoto anasimama visigino vimegusana, ncha za nyayo zimetengana kidogo kama herufi V nyembamba. Anakunja magoti, visigino visibanduke. Mgongo unashuka wima kama ndoo inavyoshuka kisimani: kamba ikilala upande, ndoo inagonga ukuta. Makosa huja matatu, na kila moja lina sababu yake. Makalio yakitoka nyuma, mtoto anakaa badala ya kushuka. Msimamishe mgongo na kichwa vikigusa ukuta, ashuke akiusugua. Visigino vikibanduka, amepita kina chake. Mwache ashuke nusu. Magoti yakiangukia ndani, nyayo zimefunguliwa kuliko nyonga inavyoweza, na hili la mwisho lisiachwe hata siku moja.

Tufafanue, kwa sababu hapa ndipo wazazi huogopa na walimu wachanga huharibu. Picha za baleti huonyesha nyayo zimeelekea kulia na kushoto kabisa, mstari mmoja. Mzunguko ule hutoka kwenye nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe chake kama mchi kinuni. Goti si kinu, ni bawaba. Hufungua na kufunga, kama mlango wa Mji Mkongwe. Ukiuzungusha mlango kwa upande utang'oa misumari. Mtoto akilazimishwa kufungua nyayo kuliko nyonga yake inavyotoa, kilichopungua hulipwa na goti na kifundo: goti linapindika, upinde wa wayo unazama, uzito wote unalalia upande wa kidole gumba. Kipimo ni rahisi na mzazi anaweza kukifanya akiwa amekaa barazani. Mtoto akunje magoti. Kila goti liwe juu ya kidole cha pili cha mguu wake. Likiangukia ndani, zirudishe nyayo mpaka likae. Kwa miaka mitano, nafasi baina ya nyayo isizidi kona ya daftari, na wengi wanahitaji pungufu ya hapo. Hakuna kilichopotea, nyonga itafunguka kwa miaka, kadiri ilivyoumbwa.

Tandu ina kosa moja sugu. Mtoto akiambiwa “nyoosha mguu”, huvikunja vidole kama kucha za kunguru, na baada ya mara kumi analia kwamba wayo umekaza. Kunyoosha kuanze kifundoni, vidole virefuke mbele yake. Mkalishe kwenye baraza, miguu ikining'inia, ajaribu kukigusa kwa ncha ya kidole kitu kilicho mbali kidogo, kwa mfano kandambili yake. Atanyoosha barabara, maana kidole kilichokunjwa hakifiki.

Releve ni kuinua visigino kwa mapigo mawili na kuvishusha kwa mawili, mkono umeshika nondo za dirisha au egemeo la kiti, si kwa kiganja kizima bali kwa vidole. Kosa lake ni kifundo kulalia nje, uzito ukahamia kidole kidogo. Weka sarafu chini ya mzizi wa kidole gumba na umwambie asiiachie: ikibaki imebanwa sakafuni muda wote, yupo sawa. Nane kwa zamu moja zinatosha.

Sote hujulikana kwa sikio kuliko kwa jicho. Mpe darasa mgongo, waruke nane, sikiliza. Paka akiruka kutoka ukutani husikii kitu. Ukisikia magunia yanaanguka, watoto wanatua na nyayo nzima na magoti yamekaza. Kutua ni ncha, kisha wayo, kisha kisigino, goti likikunjika wakati huo huo. Kama hawajui plie, hawako tayari kwa sote, hata kama wao wenyewe wanaitaka sana.

Vya kusafiri chumbani vina mpangilio wake wa umri, na kuulazimisha ni kupoteza siku. Kuandamana kwa magoti juu, karibu wote wa miaka mitatu wanaweza. Kuruka kwa mguu mmoja huja karibu na minne. Mwendo wa farasi, mguu mmoja ukiongoza na mwingine ukiufukuza, hutangulia ule wa hatua na mruko kwa miguu ya kupokezana, ambao wengi huupata baina ya mitano na sita. Mtoto wa minne asiyeuweza huo wa mwisho hana kasoro.

Viatu vya ncha, ile hofu ya getini

Kusimama juu ya ncha za vidole hufanywa kwa viatu maalumu, ambavyo mbele vimetengenezwa kwa tabaka za kitambaa na gundi zilizokaushwa zikawa ngumu. Mtoto havikaribii kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo awe na mazoezi ya miaka kadhaa nyuma yake, kwa sababu mifupa ya mguu bado inaendelea kukomaa na misuli ya kifundo lazima iweze kubeba mwili mzima. Releve ya darasa la watoto si hiyo. Ni kuinuka tu kama mtu anayechukua kitu rafuni. Mwalimu anayemwahidi mama wa mtoto wa miaka saba viatu vya ncha “mwakani” amejieleza, na mtoto atolewe hapo. Kadhalika anayemkandamiza mtoto mabega ili apige msamba. Mtoto anyooshe mpaka ahisi kuvutika, ahesabu mizani nane mara mbili, aache. Maumivu ni jibu la mwili, si uvivu.

Sakafu

Hatari kubwa ya baleti Zanzibar iko chini ya miguu. Vyumba vingi ni saruji au vigae juu ya zege, na zege halibonyei hata kidogo: nguvu yote ya kutua inarudi kwenye muundi na visigino. Kumbi za dansi huwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya fremu, inayobonyea kidogo. Fundi seremala anaweza kuitengeneza kwa plaiwudi nene juu ya mbao zilizotegemezwa kwa vipande vya mpira, na kwa skuli yenye madarasa kila wiki ni gharama yenye maana. Asiyeweza apunguze kuruka: sote nane, pumziko, nane nyingine, basi kwa siku hiyo. Mtoto akianza kusema “mwalimu, mguu waniuma hapa mbele”, kuruka kusimame kwa wiki mbili, si kwa siku hiyo tu.

Mkeka wa ukindu juu ya vigae ni mtego, huteleza wenyewe. Soksi ni mbaya zaidi, na ndizo wazazi wengi huwavalisha watoto kwa nia njema. Peku ni bora kuliko vyote kwa miaka miwili ya mwanzo. Wakati wa kaskazi, jasho la watoto kumi hufanya vigae kuwa kama sahani yenye mafuta, hivyo kitambaa kikavu kiwe karibu na kila baada ya dakika 15 watu wanywe maji.

Kuna walio na ufuo jirani. Mchanga mkavu usitumike, unamyumbisha anayejifunza kusimama na huficha vigae vya chupa. Ila maji yakishakupwa, ule mchanga mbichi mgumu ni daftari. Waruke, wasogee, kisha someni alama: kisigino hakijaandika, hakutua kamili, alama ya kidole gumba imezama kuliko nyingine, wayo unalalia ndani. Mtoto akijiona mwenyewe chini hahitaji kukosolewa.

Saa ya darasa, nguo na ratiba

Kwa miaka mitatu na minne darasa lisizidi dakika 30. Mitano na sita, 45. Watoto wanane hadi kumi na wawili, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja wa kushughulika na anayelia na anayetaka kwenda chooni. Kwa zile 45: duara na salamu dakika tatu, kutembea na dufu saba, nyayo wakiwa wamekaa tano, plie na tandu na releve kumi, kusafiri chumbani kumi, kucheza huru watakavyo tano, na tano za kulala chali, kupumua na kuaga kwa kuinama. Kucheza huru ndiko kunakokatwa kila muda ukibana, na ni kosa. Humo ndimo mwalimu anaona kipi kimeingia mwilini na kipi kimekaririwa. Vioo havihitajiki. Mtoto mbele ya kioo hujitazama, haachi hata kidogo, na sikio hufungwa.

Kuhusu nguo, lile gauni la matabaka ya wavu linaitwa tutu, na kwa Mzanzibari tutu ni vituo vya watoto wadogo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo kwa kazi hii vina maana kubwa kuliko gauni. Gauni hilo ni vazi la jukwaani. Darasani mwalimu anahitaji kuona magoti yanaelekea wapi na mgongo umekaaje, basi. Suruali laini isiyoburura, fulana ndefu, na kwa anayevaa mtandio, ule wa kuvuta usio na pini. Kinachokatazwa ni kitambaa kirefu kuliko kifundo, kwa sababu mtoto hukikanyaga akitua. Mzazi anayetaka wasichana na wavulana watengwe hataharibu chochote. Mafunzo ni yale yale. Asiyetaka ala za muziki naye ana njia, kwani sauti ya mwalimu, makofi na mizani nane vinatosha kuendesha somo zima. Suala la hukumu aliulize kwa sheikh wake, si kwa mwalimu wa dansi.

Ratiba ipangwe baada ya kuuliza chuoni, kule watoto wanakosoma Kurani, siyo kabla, maana mtoto aliyetoka skuli asubuhi na chuoni alasiri akiletwa darasani saa kumi na mbili atakuwa anasinzia wima. Na Ramadhani, walimu wazoefu huacha sote kabisa, hata kwa wadogo ambao hawafungi, kwa kuwa siku hizo usingizi wa nyumba nzima umebadilika kwa ajili ya daku. Hukaa duara, dufu limewekwa kando, wakapiga silabi kwa vidole viwili juu ya kiganja, sauti ya chini: goti chini, goti juu. Miguu ikirudi kazini baada ya Sikukuu, mara nyingi “juu” imeshapata makofi yake mawili.